Winchi na Vyenzake: Kipi cha Kununua Kabla ya Safari ya Mchangani



Kamati ya kitabu chetu imeniachia kurasa hizi mwaka huu, na najua baadhi yenu mlitazamia sarufi. Nimechagua winchi. Kila likizo ya Idi misafara ya jamaa zetu hutoka Maskati kwenda Sharqiya, kwenye mchanga wa Wahiba, gari nne mpaka kumi, mabibi na watoto wachanga wamo ndani, na siku hizi gari nyingi zimefungwa winchi mbele. Winchi yenyewe vijana huichagua kwa makini, wakauliza huku na huku. Lakini kamba, kulabu, kapi na mikanda hununuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Na hivyo ndivyo vinavyokatika.

Tuanze na hesabu, maana mwalimu haachi chaki. Kanuni ya mafundi ni kwamba winchi iwe na nguvu ya mara 1.5 ya uzito wa gari pamoja na watu na mizigo. Gari ya kilo 3,000 inataka winchi ya kilo 4,500. Ile ya paundi 9,500 inayouzwa sana ni kama kilo 4,300 tu. Kwa gari za familia zilizojaa, bora ile ya paundi 12,000, yaani kama kilo 5,440. Tena nguvu inayoandikwa kwenye boksi ni ya safu ya kwanza ya kamba kwenye dramu. Kila safu ikipanda juu ya mwenzake, nguvu hupungua.

Sasa pimeni na kazi yenyewe. Vitabu vya jeshi la Marekani vya kukwamua magari vinakadiria kwamba gari iliyozama topeni kimo cha magurudumu inataka mvuto sawa na uzito wake wote, na ikizama mpaka kwenye madigadi, mara mbili. Hiyo ni kilo 6,000 kwa gari yetu ya mfano. Winchi peke yake haifiki hapo. Ndipo linapoingia kapi.

Wazee wetu waliokuja na majahazi hawakuhitaji kusomeshwa jambo hili. Foromali, mti mzito ule, ilipanda kwa henza na makapi huku mabaharia wakiimba. Mambo ni yale yale. Peleka kamba mpaka kwenye kapi lililofungwa mbele, irudishe uifunge kwenye gari yako: mvuto unakaribia mara mbili, ukiondoa unaoliwa na msuguano, na mwendo unakuwa nusu. Pia kamba nyingi imetoka kwenye dramu, kwa hivyo winchi inavuta kwa safu za chini zenye nguvu.

Lakini hapa nataka msikilize vizuri. Kapi, shekeli yake na mkanda uliozunguka mti vinabeba mvuto wa kamba zote mbili kwa pamoja. Winchi ikivuta kilo 4,000, kapi linabeba karibu 8,000. Anayenunua kapi la kulingana na winchi amenunua nusu ya kapi. Na shekeli, kile chuma cha umbo la kwato chenye pini ya kukaza, iwe na kipimo chake kilichopigwa kwenye chuma chenyewe: ya unene wa milimita 19 kwa kawaida huandikwa tani 4.75, ya milimita 25 tani 8.5. Kipimo hicho ni cha kazi. Zilizotengenezwa kwa haki hustahimili mara kadhaa zaidi kabla ya kukatika. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha sita alizozipata kwa bei ya kutupa, zinang'aa kama fedha, hazina hata herufi moja. Nikamwambia zinafaa kufungia mbuzi.

Hapana budi nitaje na lile tufe la kuvutia trela. Miaka michache nyuma, katika msafara wa jamaa, gari iliyokwama ilifungwa mkanda kwenye tufe lake. Tufe likakatika, likaruka, likapasua kioo cha nyuma cha gari iliyokuwa ikivuta na kutua kwenye kiti cha mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa nje kwa bibi yake, anakunywa maziwa. Alhamdulillahi. Tufe limetengenezwa kwa mvuto wa taratibu wa trela, halikutengenezwa kwa kishindo. Fungeni kwenye vikuku vya kukwamulia vilivyobanwa kwa bolti kwenye chesisi, na kama gari haina, vinunuliwe hivyo kabla ya winchi.

Kamba sasa. Waya wa chuma unastahimili jua, mawe na joto, lakini ni mzito, nyuzi zake zikikatika zinachoma mikono, na ukikatika wote unapiga kama mjeledi. Kamba ya nyuzi za kisasa ni nyepesi, inaelea, na ikikatika haina hasira ile. Adui zake ni jua, mchanga unaoingia baina ya nyuzi, na joto: kuna winchi zenye breki ndani ya dramu, na breki hiyo ikipata moto wakati wa kuachia kamba inaiunguza. Mimi kwa msafara wenye watoto ningechagua ya nyuzi, na kuifunika turubai. Anayebadilisha abadilishe na mdomo inapotokea kamba. Ule uliokwaruzwa na waya utaikata. Na kwenye dramu ibaki mizunguko 5 ya waya, au 8 mpaka 10 ya nyuzi.

Mikanda iko ya namna mbili na watu huichanganya. Ule wa nailoni unaovutika ni wa gari kuichomoa gari, haufungwi na winchi hata kidogo. Wa mti hauvutiki na ni mpana, milimita 75 angalau, usije ukauchuna mghafu uliowapa kivuli. Pasipo mti, gari ya pili ndiyo nanga, au chimbeni shimo refu mzike tairi la akiba.

Ila mchangani, kwa kweli, beleshi na kupunguza upepo wa tairi mpaka paundi 15 hukwamua gari nyingi kuliko winchi. Penye kazi yake hasa ni sabkha, kama ile ya Barr al-Hikman, ambako juu kumekauka na chini ni uji wa chumvi. Huko injini iwe inanguruma muda wote, kwani winchi ikielemewa hunywa ampea mia kadhaa na betri haina subira. Tandikeni blanketi zito juu ya kamba, glavu za ngozi mikononi, na kina mama na watoto wakae mbali kuliko urefu wa kamba na nusu yake.

Mkirudi nyumbani, ikunjueni kamba yote, ioshwe kwa maji baridi kutoa chumvi na mchanga, ianikwe kivulini, kisha irudishwe kwenye dramu ikiwa imevutwa, si legelege.