Kabla ya Maji, Chombo Kilibeba Nini?

Mapipa ya bluu ya plastiki yamekuwa sehemu ya nyumba zetu. Maji ya bomba yanapotoka kwa zamu, familia isiyomudu tangi kubwa hununua pipa la mtumba la lita 200 na kulisimamisha uani. Huko yanakouzwa, kando ya barabara, yameshasuguliwa kwa sabuni na mchanga hadi yanang'aa. Mnunuzi hugonga ubavu kwa kiganja asikie kama lina ufa, hujaribu kifuniko, hupatana bei, kisha pipa hupakiwa kwenye guta. Swali lisilosikika mara nyingi ni hili: pipa hili lilibeba nini kabla ya kufika hapa?

Huenda lilibeba shira ya kutengenezea soda, au mafuta ya kula. Huenda pia lilibeba tindikali, kiyeyusho cha rangi, malighafi ya sabuni au kiuatilifu cha shambani. Kwa macho yote ni yale yale. Mimi naliweka swali hilo mbele ya kuchemsha na mbele ya dawa ya maji, kwa sababu ajali nyingi za kemikali majumbani huanzia kwenye chombo kilichobadilishiwa kazi.

Elimu tuliyopewa tangu shule ya msingi ni chemsha, chuja, funika. Ni elimu sahihi na imeokoa watu wengi. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, virusi vya kuhara, amiba, wote hufa maji yanapotokota kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini ya sufuria. Yaache yatokote hivyo kwa dakika 1. Kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari ziwe dakika 3, maana huko juu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100.

Lakini moto huua kilicho hai tu. Floraidi, risasi, naitreti na chumvi si viumbe, kwa hiyo haviuliwi na moto. Tena, kwa kuwa sehemu ya maji huondoka na mvuke, kila lita inayobaki kwenye sufuria huwa na kemikali hizo kwa wingi zaidi kuliko mwanzo.

Watu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanalijua jambo hili kwa meno yao. Miamba ya volkano ya ukanda ule huachia floraidi kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na maji mengine, kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno ya utu uzima yanajijenga ndani ya ufizi, yaani hadi umri wa miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi, na kikaendelea kwa miaka mingi, mifupa huathirika: miguu hupinda, viungo hukakamaa, mgongo hugoma kuinama. Mama anayechemsha maji hayo kila siku kwa uangalifu amemkinga mwanawe na kuhara, na amefanya vema. Floraidi hajaigusa.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya njia inayofaa nyumbani, nayo ni mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa joto linalodhibitiwa, ikapondwa kuwa punje, kisha maji yakapitishwa humo. Punje huinasa floraidi na maji yakatoka yakiwa na nafuu kubwa. Ikichomwa ovyo maji huwa na harufu na rangi, watu wakalikataa chujio. Na punje huchoka: baada ya muda hazinasi tena, lazima zibadilishwe. Kwa familia isiyo na chujio, maji ya mvua ndiyo msaada ulio karibu kabisa, kwa kuwa hayajapita kwenye mwamba. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga inayofuata, na maji hayo wawekewe watoto wadogo kwanza. Kuna jambo jingine husahaulika huko: magadi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande ili yaive upesi mara nyingi yana floraidi yake, na unaweza kuikwepa kwenye maji ukaila kwenye chakula. Loweka maharage usiku kucha badala ya kuyatia magadi.

Sasa turudi kwenye plastiki. Wengi huamini kwamba pipa likioshwa sana linakuwa salama, na kwa lililobeba shira hilo ni kweli. Kwa kemikali zenye asili ya mafuta, kama viuatilifu vingi na viyeyusho, si kweli. Kemikali hizo hazikai juu ya plastiki tu. Huzama ndani ya kuta zake, kama kitunguu kinavyoingia kwenye mwiko wa mbao, kisha hutoka kidogo kidogo kuingia kwenye maji, hasa pipa likikaa juani. Sabuni na mchanga husugua uso, havifiki huko ndani. Ndiyo maana ushauri wa kimataifa juu ya vyombo vya viuatilifu hauna ubishi: chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye pampu ya kunyunyizia, kisha kitobolewe ili asitokee mtu wa kukitumia tena.

Kwa hiyo nunua pipa au dumu ambalo lebo yake ya kwanza bado inasomeka, na iwe ya chakula. Ukiona alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye ukingo mwekundu na mchoro mweusi ndani, fuvu, moto, au kimiminika kinachokula mkono, achana nalo hata kwa bei ya bure. Lebo ya kiuatilifu mara nyingi huwa na mstari wa rangi chini yake: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, bluu, na kijani. Hata la kijani si la maji ya kunywa. Pipa lililobanduliwa lebo lihesabu kuwa halijulikani. Kama tayari unalo, lifanye la maji ya ujenzi au ya kumwagia chooni, na maji ya kunywa na kupikia yatafutie chombo kingine.

Ukishapata chombo safi, dawa ya klorini ni rafiki. Iwe ya vidonge au ya maji, fuata kipimo cha kwenye kifungashio, koroga, subiri dakika 30. Hapa watu hukosea kwa kutia dawa kwenye maji ya tope. Klorini haichagui, hushambulia uchafu wote inaokutana nao, na maji yakiwa na tope huishia kwenye tope kabla ya kuwafikia vijidudu. Yaache yatuame kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Shabu husaidia kuzamisha tope, na mbegu za mlonge zilizopondwa pia, ingawa maji ya mlonge hayakai muda mrefu, kwa sababu mabaki ya mbegu hulisha bakteria. Harufu hafifu ya klorini inayobaki isikukimbize. Ni ishara kwamba bado kuna ulinzi ndani ya ndoo, jambo ambalo maji ya kuchemsha hayana: mkono mmoja mchafu ukitumbukiza kikombe, yameharibika. Ndoo yenye koki au dumu la mdomo mwembamba ni bora kuliko sufuria iliyo wazi.

Niseme neno fupi juu ya sufuria zenyewe. Zile zinazosubiwa mitaani kwa alumini ya vyuma chakavu zinaweza kuwa na risasi iliyoingia na betri au vipuri vya magari. Utafiti wa Kameruni uliochapishwa mwaka 2014 ulizipima sufuria za namna hiyo na kuikuta risasi ikitoka kuingia kwenye kimiminika chenye uchachu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio huumia zaidi. Mchuzi wa ukwaju, nyanya na ndimu upikie kwenye chombo kingine, wala usiulaze humo.

Mkondo mwingine wa hatari unakwenda kinyume na ule wa pipa, na huo ndio unaoniumiza moyo. Kwenye pipa, maji huingia chombo cha kemikali. Kwenye chupa, kemikali huingia chombo cha maji. Mafuta ya taa ya kipimo huuzwa kwenye chupa ya soda. Maji ya betri, ambayo ni tindikali ya salfuriki, huwekwa gereji kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kina mama wajasiriamali wanaotengeneza sabuni ya maji huifungasha kwenye chupa hizo hizo, na kostiki soda ya kuitengenezea inakaa kwenye kopo la siagi juu ya meza ya jikoni. Jiki ya rejareja nayo iko kwenye chupa isiyo na jina. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ile hutoa kitu cha kunywa, na sisi ndio tuliomfundisha hivyo.

Mafuta ya taa hudhuru hasa yakiingia kwenye mapafu. Ni mepesi, huteleza kutoka kooni hadi kwenye njia ya hewa kwa kikohozi kimoja tu, na mapafu huvimba. Kostiki na tindikali huunguza koo na umio, na kidonda kikipona huacha kovu linalouziba umio, hata mtoto ashindwe kumeza chakula kwa miaka.

Chooni kuna hatari nyingine. Jiki na dawa ya choo yenye tindikali, kila moja peke yake, hufanya kazi yake. Zikichanganywa ili choo kitakate zaidi, hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujaa kuanzia chini, na choo chenye kidirisha kidogo hakina pa kuitolea. Macho yakianza kuwasha na kifua kubana, toka nje mara moja, mlango ukiuacha wazi, usirudi kumalizia.

Ninawaomba wauzaji wa sabuni na jiki za rejareja wafungashe kwenye vyombo visivyofanana na vya vinywaji, na waandike jina la kilichomo hata kwa kalamu ya wino mzito. Wanunuzi tuwakatalie wasiofanya hivyo. Nyumbani, mafuta ya taa, kostiki na dawa ya panya vikae juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti, na viwe mbali na rafu ya chakula.

Mtoto akiwa ameshakunywa, usimtapishe, kwa kuwa kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yatapata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa, mawese wala ndimu. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, na chupa yenyewe uende nayo, ili daktari ajue amekunywa nini.