Chujio la Pampu ya Petroli: Kitu Kidogo Kinachosimamisha Safari Kubwa

Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii inamfaa sana mwenye pikipiki ya safari za mbali. Pikipiki ya namna hii ni kubwa, ni ya gharama, tena imeundwa ipite mchangani, matopeni na penye mawe, mahali ambapo gereji ni ndoto. Lakini ndani ya tangi lake kimo kifaa kidogo ambacho kikizibwa na uchafu, nguvu zote za injini huwa kazi bure. Kifaa hicho ni chujio la pampu ya petroli. Wengi wamepanda pikipiki zao kwa miaka bila kuliona kwa macho, kwa kuwa limefichwa. Na kisichoonekana husahauliwa upesi.

Kulibadilisha si kazi ya kumshinda mtu mwenye subira na vyombo vya kawaida. Hata hivyo ni kazi inayofanyika juu ya petroli, na petroli haina msamaha. Kwa hiyo mambo mawili yapasa kujulikana pamoja: namna ya kulibadilisha chujio, na namna ya kulibadilisha bila kuunguza nyumba.

KUTOKA KABURETA HADI PAMPU

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Mashindano ya kwanza ya kutoka Paris hadi Dakar yaliondoka Ufaransa mwezi wa Desemba 1978 na kumalizika Senegal mwezi wa Januari 1979. Mshindi alikuwa Mfaransa Cyril Neveu, aliyepanda Yamaha XT500 yenye silinda moja na kabureta. Katika pikipiki kama ile, tangi liko juu na kabureta iko chini; petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake, kama maji yashukavyo kutoka pipa lililoinuliwa. Uchafu ukiingia, mwenyewe alifungua kabureta kando ya njia, akaipuliza, akaendelea na safari.

Pikipiki za siku hizi ni nyingine. Honda Africa Twin CRF1000L ya mwaka 2016, yenye silinda mbili, na Yamaha Ténéré 700, iliyopewa jina la jangwa la nchi ya Niger, hazina kabureta. Petroli hunyunyizwa ndani ya injini na nozeli zenye matundu membamba mno, zikiongozwa na umeme. Mpango huu hupunguza moshi na kutumia petroli kwa kipimo. Lakini ili nozeli zinyunyize sawasawa, petroli lazima isukumwe kwa nguvu ya paundi 40 hadi 50 hivi kwa kila inchi ya mraba, nguvu ambayo mara nyingi hupita hata ile ya upepo unaojazwa katika magurudumu. Kazi hiyo hufanywa na pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi.

Kwa kawaida pampu hiyo hulindwa na machujio mawili. La kwanza ni wavu laini mfano wa soksi, uliovishwa mdomo wa pampu ili kuzuia mchanga na maganda ya kutu. La pili huwa baada ya pampu. Ni karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya kopo dogo, nayo hukamata vumbi jembamba lisije likaziba nozeli. Soksi ikiziba, pampu hukosa cha kunyonya. Kopo likiziba, pampu husukuma kama mtu anayesukuma ukuta. Kwa vyovyote pampu huumia, maana petroli inayopita ndani yake ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Hapo ndipo mtu aliyeona uchungu kununua chujio hulazimika kununua pampu nzima, na karo ya watoto ikaenda dukani kwa vipuri.

DALILI ZAKE

Chujio halizibi kwa siku moja, wala pikipiki haifi ghafla bila kutoa taarifa. Asubuhi injini huwaka vizuri na kunguruma kwa utulivu. Tatizo huanza pale inapodaiwa nguvu: mlimani, penye mchanga mzito, au abiria na mizigo wakiwa juu. Injini husitasita, hukohoa, hupoteza mwendo. Dereva akipunguza mafuta hupata nafuu, akiongeza husita tena. Sauti ya pampu, ambayo husikika kwa sekunde chache ufunguo unapowashwa, huweza kuwa kali kuliko ilivyozoeleka.

Wengi hapo hukimbilia plagi, kisha betri, kisha humlaumu aliyewauzia petroli. Busara ni kuanza na yasiyo na gharama. Kwanza, kifuniko cha tangi kifunguliwe kidogo pikipiki ikiwa imesimama na injini imezimwa. Hewa ikiingia kwa mvuto, na baada ya hapo pikipiki ikaenda vizuri kwa muda, basi huenda ugonjwa ni mrija wa hewa wa tangi uliozibwa na tope, wala si chujio. Pili, fyuzi na viungio vya waya za pampu vitazamwe. Tatu, mirija ya petroli ikaguliwe isiwe imejikunja chini ya tangi. Yote hayo yakiwa salama, na dalili zikabaki, ndipo tangi lifunguliwe.

PETROLI NA USALAMA WA NYUMBA

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu ukapotea. Hutambaa chini sakafuni, hupita chini ya mlango, na hulifikia jiko la makaa lililo chumba cha pili. Moto ukiushika, hurudi mbio hadi kwenye tangi. Kwa sababu hiyo kazi hii haifanywi sebuleni, stoo wala barazani karibu na jikoni. Ifanywe uwanjani penye upepo, mchana, mbali na jiko, sigara, taa ya mafuta na jenereta. Watoto wawe mbali. Ndoo ya mchanga mkavu au kizimamoto cha unga kiwe karibu. Maji yasimwagwe juu ya petroli inayowaka, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kuutandaza moto.

Yapo makosa mawili ambayo mama na baba wa nyumba wayakataze kabisa. La kwanza ni kunyonya petroli kwa mdomo kwa mpira ili kulimwaga tangi. Tone likipotea njia na kuingia mapafuni laweza kuleta ugonjwa mkali wa mapafu, hata kifo. Pampu ndogo ya mkono itumike badala yake. La pili ni kuhifadhi petroli iliyobaki katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Akiwa amekunywa, asitapishwe kwa nguvu, maana kutapika huipeleka petroli mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

KAZI YENYEWE

Kitabu cha pikipiki kisomwe kwanza, kwa kuwa kila aina ina mpango wake. Katika baadhi ya pikipiki chujio hutoka peke yake. Katika nyingine limefungwa pamoja na pampu, na kiwanda huuza kifaa kizima. Ni vyema kujua hilo kabla ya kufungua, wala si baada ya vipuri kutapakaa juu ya mkeka. Chujio jipya na mpira mpya wa kuzuia kuvuja vipatikane kabla ya kuanza.

Siku ya kazi tangi liwe na petroli kidogo tu. Nje ya tangi paoshwe na kukaushwa, ili vumbi la njiani lisidondokee ndani. Injini ikiwa baridi, waya wa pampu utenguliwe, kisha injini iwashwe na kuachwa mpaka izime yenyewe. Hivyo msukumo uliobaki ndani ya mirija hupungua. Baada ya hapo waya hasi wa betri uondolewe.

Kiti na vibao vya pembeni vikishatolewa, mrija wa petroli ufunguliwe huku umezungushiwa kitambaa, maana tone au mawili hayakosi kuruka. Petroli iliyobaki ihamishiwe katika jerikani lililowekwa chini ardhini, kisha tangi lilazwe juu ya blanketi kuukuu. Kabla ya kulegeza nati za bamba la pampu, alama ichorwe kuonyesha limekaa upande gani. Nati zilegezwe kidogo kidogo kwa kupishana. Pampu isivutwe kwa hasira. Huzungushwa taratibu na kutolewa kwa mshazari, kwa sababu ina mkono mwembamba wa boya la kupimia petroli, na mkono huo ukipinda, kipimo kitadanganya daima.

Hapo uchafu huonekana wazi: matope mekundu, nyuzi za kitambaa, maganda ya kutu, pengine na matone ya maji. Tangi lisafishwe kwa petroli safi kidogo na kukaguliwa kwa tochi iliyofungwa vizuri. Chujio la kopo mara nyingi huwa na mshale uonyeshao petroli iendako. Ukigeuzwa, kazi yote ni bure. Kama mrija mfupi wa ndani unabadilishwa, lazima uwe wa aina iliyotengenezwa kuzama ndani ya petroli na kustahimili msukumo wake. Mpira wa kawaida wa dukani huvimba na kuoza ukizamishwa, na vipande vyake huwa uchafu mpya. Vibano vya zamani visirudiwe.

Mpira wa kuzuia kuvuja huwekwa mpya, mahali pakavu pasipo na mchanga. Nati hukazwa kwa kupishana, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Kukaza kupita kiasi hupindisha bamba na kuharibu nyuzi. Tangi likisharudi mahali pake na betri kuunganishwa, ufunguo uwashwe na kuzimwa mara tatu au nne bila kuwasha injini, ili pampu ijaze mirija. Viungio vyote vitazamwe na kuguswa kwa kitambaa kikavu. Kukiwa na unyevu, hata wa tone moja, injini isiwashwe mpaka pamerekebishwa.

KINGA NI BORA

Chujio huchafuka kwa kadiri ya petroli linayopewa. Askari wanalifahamu vizuri jerikani la chuma la lita 20. Chombo hicho kilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani katika miaka ya 1930, kisha Waingereza na Wamarekani wakakiiga wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Jina lenyewe limetokana na neno ambalo askari wa Uingereza waliwaitia Wajerumani. Ni chombo imara, lakini hakiwezi kusafisha kilichomo. Jerikani lililotoka safarini liachwe litulie kabla ya kumiminwa, ili mchanga na maji, ambayo ni mazito kuliko petroli, yashuke chini. Petroli imiminwe polepole kupitia mrija wa kumiminia wenye wavu laini, na ile ya mwisho kabisa isiingizwe tangini.

Pikipiki ya kituo inayokaa bila kutumika majuma mengi isiachwe na tangi nusu tupu ikiwa tangi ni la chuma, kwa sababu hewa yenye unyevu hulitia kutu kwa ndani. Vilevile si vyema kuzoea kuendesha mpaka tone la mwisho: hapo pampu hukosa kupozwa, na soksi hufagia takataka zote zilizolala chini.

Pikipiki inayotumwa kupeleka taarifa, kufuata mganga au kumrudisha baba kwa familia yake hubeba zaidi ya dereva mmoja. Hubeba na wale wanaomngoja. Chujio lililobadilishwa kwa wakati, uwanjani, mbali na jiko, huwafanya wasingoje bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta.