Kiingereza Sahihi Kisicho na Adabu: Kazi Mpya Mikononi mwa Walimu

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anataka kutoka darasani. Nyumbani angesema "Naomba kwenda nje", na neno "naomba" lingebeba heshima yote inayotakiwa. Kwa Kiingereza anasimama na kusema, "I want to go out." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja. Hata hivyo, mgeni akiisikia atadhani mtoto huyo hakulelewa.

Anachokosa mtoto si msamiati, bali stadi za lugha katika mahusiano: kujua nani aambiwe nini, wapi na kwa namna gani. Tangu miaka ya 1960, mwanaisimu wa Marekani Dell Hymes alieleza kwamba kujua kanuni za lugha hakutoshi bila kujua namna ya kuitumia mbele za watu.

Kiingereza nacho kina heshima zake, ila mara nyingi huzipitisha kwa kugeuza ombi kuwa swali: "Could I go out, please?" Mtego mkubwa zaidi ni neno "pole". Mtoto akiona mtu amejikwaa husema "Sorry". Hapa Tanzania anaeleweka vyema, lakini Mwingereza anaweza kumjibu kwamba hakumkosea, kwa kuwa amelisikia kama neno la kuomba radhi. Vivyo hivyo, kuuliza "Unakwenda wapi?" kwetu ni ujirani mwema, kwa Kiingereza huweza kuonekana udadisi. Hakuna adabu iliyo duni kati ya hizo mbili, na mwanafunzi anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa nini maandalizi yaanze kwa mwalimu? Mwaka 1998 watafiti Kathleen Bardovi-Harlig na Zoltán Dörnyei walichapisha utafiti uliotumia video za mazungumzo. Wanafunzi waliojifunza Kiingereza nchini Hungaria, pamoja na walimu wao, waliona makosa ya sarufi kuwa mazito kuliko ya adabu. Waliojifunza wakiishi Marekani waliona kinyume chake. Mwalimu hurekebisha kosa ambalo sikio lake limezoea kulinasa.

Nafasi ya kulizoeza sikio hilo ipo karibu. Katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), walimu hukutana shuleni na katika vituo vya walimu kujadili mada zinazowatatiza. Walimu wa Kiingereza wanaweza kuchukua ombi moja, tuseme la kuazima kitabu, wakaliigiza kwa rafiki, kwa mkuu wa shule na kwa mtu wasiyemfahamu, kisha wakajadili kilichobadilika. Zoezi hilo halihitaji vifaa. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, hufanywa wawili wawili kwenye dawati. Kikwazo halisi ni kwamba mtihani wa maandishi hausikii sauti, hivyo ni rahisi kipindi hicho kurukwa.

Kwa watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili, hatari iko Kidato cha Kwanza, masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza. Aliyekaripiwa kwa ufidhuli asioukusudia huchagua kunyamaza, na ukimya huo humfuata hadi kwenye hisabati na baiolojia.

Mzazi anayetaka kujua shule ya mwanawe inafundishaje mazungumzo anaweza kumwona mkuu wa shule au Afisa Elimu Kata.