Sala ya Kimaandiko na Kanisa la Masasi na Newala

Katika imani ya Kikristo, sala huwa ya kimaandiko inapoelekezwa kwa Mungu anayetangazwa na Biblia, inapoomba yanayopatana na mapenzi yake, na inapotolewa kwa jina la Yesu Kristo. Wingi wa aya hautoshi. Katika Mathayo 4 Ibilisi naye anainukuu Zaburi ya 91.

Kipimo cha kwanza ni Sala ya Bwana. Imo katika Mathayo 6:9–13 na, kwa ufupi zaidi, katika Luka 11:2–4. Kwa kuwa maneno ya Injili hizo mbili hayalingani, Wakristo wengi huitumia kama sala ya kukaririwa na pia kama ramani ya kusali: jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake hutangulia, ndipo mkate na msamaha hufuata. Waumini wa Matendo 4:24–30 walifanya hivyo hivyo. Wakiwa wametishwa na wakuu, walianza na uumbaji, wakaileta Zaburi ya 2 kwenye hali yao, kisha wakaomba ujasiri wa kunena. Hawakuomba maadui waangamizwe.

Hata hivyo Biblia haisali kwa upole tu. Zaburi nyingi ni maombolezo, na ya 88 inaishia gizani bila faraja yoyote. Anayefundisha kwamba kumlalamikia Mungu ni upungufu wa imani anakifunga kitabu ambacho Yesu mwenyewe alikisali msalabani.

Kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, penye Kitangari na Newala, suala la sala ya kimaandiko hugusa mvua. Ardhi ya juu hufyonza maji upesi, na kwa vizazi wanawake wameshuka mabondeni na kupanda tena na mitungi. Maandiko yanaruhusu kuomba mvua waziwazi: Sulemani anaitaja pamoja na toba katika 1 Wafalme 8:35–36, na Yakobo 5:17–18 inamtoa Eliya kuwa mfano. Lakini Luka 13:1–5 inazuia kumtafuta mwenye dhambi nyuma ya kila janga. Sala inayomwomba Mungu mvua huku ikimnyooshea kidole jirani kwa uchawi imeshatoka nje ya Maandiko, hata ikitolewa kanisani.

Swali la nani anayeombwa nalo lilijitokeza mapema katika eneo hili. Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Kianglikana, ilianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa huko Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, mfasiri mkubwa wa Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Baadaye Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, hakuwakataza Wakristo jando. Aliliingiza ndani ya Kanisa: tohara na mafunzo ya vijana yakabaki, maombi kwa mizimu yakaondolewa, sala na baraka za Kanisa zikashika nafasi yake. Uamuzi huo ulibishaniwa sana, lakini msingi wake ulikuwa wa kimaandiko kweli, kwa sababu ulitenganisha desturi na ibada. Mahali, wakati na ngoma vinaweza kuwa vya wenyeji. Anayeombwa ni mmoja.

Kuhusu marehemu wenyewe, makanisa hayakubaliani. Misheni ile, iliyoegemea mapokeo ya Kikatoliki, iliwaombea wafu bila kuwaomba kama mizimu. Wakatoliki hutegemea pia 2 Wamakabayo 12, kitabu kilichomo katika Biblia yao. Waprotestanti wengi hawakihesabu kitabu hicho kuwa Maandiko, hivyo sala hiyo kwao haina msingi wa kutosha. Hapo tofauti huanzia kwenye orodha ya vitabu vinavyokubaliwa, kabla hata ya kufika kwenye sala yenyewe.