Petroli Inaishia Wapi? Daftari la Bodaboda Mwanachuo

Wengi hapa chuoni mnanifahamu kwa pikipiki kuliko kwa GPA. Wikiendi na likizo naendesha bodaboda ya mjomba hapa Iringa mjini. Makubaliano yetu ni haya: hesabu shilingi 7,000 kwa siku, mafuta juu yangu, kinachobaki changu. Bumu likichelewa, hicho kinachobaki ndicho wali maharage. Petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022 nilikuwa namalizia Form Six, nikasikia kwenye redio nikaendelea na mambo yangu. Sasa hivi siku nikichoma lita moja ya ziada nalala na chai.

Bei yenyewe hatuipangi. EWURA wanatoa bei kikomo kila mwezi, inaanza kutumika Jumatano ya kwanza, na huku kwetu inakuwa juu kuliko Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini. Ila kikomo maana yake ni mwisho wa juu. Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya hapo, kwa hiyo soma mabango kabla hujakata kona. Faida yake ni ndogo lakini haina jasho.

Pesa yenyewe imo kwenye uendeshaji, na hili sikuliamini mpaka nilipoanza kuandika. Njia ni rahisi: jaza tenki mpaka juu, andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, endesha siku mbili tatu, jaza tena mpaka palepale. Kilomita ulizotembea gawa kwa lita zilizoingia. Wiki ya kwanza nilipata kilomita 36 kwa lita. Baada ya miezi miwili nilikuwa kwenye 43. Kwa siku ya kilomita 120 hiyo ni tofauti ya zaidi ya nusu lita, yaani kama shilingi 1,600 hivi. Sahani hiyo.

Nilibadilisha nini? Kubwa kuliko yote ni breki. Mlisoma sekondari kwamba nishati haipotei, inabadilika tu. Sasa fikiria: unamwaga petroli ili pikipiki ifike spidi 60, mbele kuna tuta ulilolijua tangu jana, unafika unabana breki. Ile petroli yote imegeuka joto kwenye breki, halafu ukivuka tuta unaanza kununua mwendo upya. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwenye kila tuta, kila siku. Siku hizi nikiliona tuta kwa mbali naachia mafuta mapema, pikipiki inajipunguza yenyewe, nafika nikiwa taratibu. Abiria wengine wanalalamika kwamba naendesha kama mchungaji, lakini muda tunaopishana ni sekunde.

Spidi nayo inakula. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unaokuzuia unaongezeka mara nne. Mjini huwezi kuliona hili, lakini ukitoka kwenye barabara kuu kuelekea Mafinga, tofauti ya 60 na 80 utaiona kwenye tenki. Na gia: ukiona injini inalia, panda gia. Kung'ang'ania gia ya pili ili mlio usikike mpaka hosteli ni kuchangia sheli.

Baridi ya Iringa ya mwezi wa sita na wa saba inajulikana. Asubuhi tunavuta choki ili pikipiki iwake, halafu tunaisahau. Choki ikibaki imevutwa, injini inaendelea kupewa petroli nyingi na hewa kidogo hata ikishapata moto. Ea klina iliyojaa vumbi inafanya kitu kilekile kwenye pikipiki ya kabureta. Kwenye gari la kisasa kompyuta inarekebisha, kwa hiyo hapo uchafu unakunyima nguvu zaidi kuliko mafuta. Upepo wa tairi pima tairi ikiwa ya baridi. Kiwango kimeandikwa kwenye stika, kwa magari mengi iko karibu na mlango wa dereva. Tairi laini inabonyea, na injini inafanya kazi ya kuikanda njia nzima.

Kuna wanaosema jaza asubuhi kwa sababu petroli ya baridi ni nzito, utapata nyingi. Matangi ya sheli yako chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Lala tu.

Sasa nifike kwenye mteremko wa kushuka Ipogolo. Pale kijiweni karibu kila mtu anazima injini akianza kushuka kutoka mjini, na mimi nilifundishwa hivyo siku ya kwanza. Jioni moja nilikuwa nimembeba mama mmoja na kapu lake la nyanya. Akauliza, "Mwanangu, mbona umezima?" Nikamjibu, "Tunashuka tu, mama, haina shida." Nilikuwa nimezima kwa ufunguo, kwa hiyo taa ya mbele, indiketa na taa ya breki vyote vilikufa. Nyuma yetu kulikuwa na lori. Mbele bajaji ikasimama ghafla, nikabana breki, na dereva wa lori hakuona taa yoyote ikiwaka. Alitukwepa kwa honi. Yule mama aliteremka palepale, akanilipa nauli yote, hakusema neno. Nyanya aliziacha barabarani.

Niliporudi nikafungua daftari. Wiki nilizozima mteremkoni na wiki ambazo sikuzima, sikuona tofauti. Kwa pikipiki injini ikiwa kwenye gia na umeachia mafuta, inakunywa kidogo sana, na inakusaidia kushikilia mwendo ili breki zisichemke. Kwa wenye IST na wenzao wa injekta mambo ni mazuri zaidi: ukiacha gari kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, injekta zinafunga kabisa. Ukiweka nyutro ndipo zinamwaga mafuta ili injini isizime. Yaani anayeshuka nyutro anatumia zaidi. Anayezima kabisa anapoteza msaada wa breki baada ya kukanyaga mara chache, na usukani unakuwa mzito.

Zima injini ukiwa umesimama: unasubiri abiria anayetafuta chenji, unapiga stori getini.

Juzi nilimwonyesha mjomba daftari, nikitegemea pongezi. Akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani, akasema kama mafuta yamepungua basi hesabu ipande iwe 8,000. Nimemwambia, "Mjomba, tuongee baada ya UE."