Je, Wajua? Vitambaa tele, barakoa haba

Thika na Ruiru zina viwanda vya nyuzi na vitambaa, ila mitambo ya kufuma haiwezi kutoa kiini cha barakoa ya N95. Kiini hicho hakifumwi kabisa. Plastiki ya polipropilini huyeyushwa, hupulizwa kwa hewa moto hadi iwe nyuzi nyembamba mno, kisha hutiwa chaji ya umeme inayonasa chembechembe. (Ukiifua barakoa hiyo kwa sabuni, uwezo huo hupungua.) Machi 2020, janga la korona lilipoenea, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mahitaji ya barakoa za kitabibu milioni 89 kwa mwezi, na nchi nyingi zikazuia zisiuzwe nje. Hapa Kenya, kiwanda cha KICOTEC, Kitui, kilikuwa kikishona barakoa kabla Aprili haijaisha.