Pesa ya jarida isilale kwa namba yako

Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2002. Mwaka uliofuata, toleo la kwanza la jarida la Kwani? likatoka Nairobi, na hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyochapishwa nalo ikashinda tuzo hiyo hiyo. Wakati huo kutuma pesa kwa simu hakukuwepo Kenya, kulikuja 2007.

Leo unaweza kuanzisha jarida ukiwa na simu na marafiki wawili. Shida huanza nakala zikianza kununuliwa. Wasomaji wanatuma kwa namba yako ya kawaida, kutoka hapo hapo unanunua tokeni za stima na kumtumia mama ya mboga. Mwisho wa mwezi printa anataka nusu ya pesa kabla awashe mashine. Mwandishi naye anauliza, "Yangu iko wapi?" Hukuiba, lakini huna jibu.

Chukua paybill. Till inatosha kwa meza ya kuuzia, ila paybill ina nafasi ya akaunti: mwambie msomaji aandike TOLEO3, na ukiangalia taarifa ya malipo utajua toleo la tatu limeingiza ngapi. Ukipanga bei, hesabu makato yetu na ada ya kutuma kifurushi Kisumu (hii ya pili wengi husahau). Siku ya uzinduzi, watu wakijaa, usitoe nakala kwa kuonyeshwa SMS kwenye simu ya mteja. Ngoja ya kwako iingie. Kisha walipe waandishi jioni hiyo hiyo, hata kama ni mia tano tano.